Sikulia: Ni Kope Tu Zimefura

Yako maradhi ya kumlaza mtu kitandani, na yako maradhi ya kumwacha mtu akitembea, akifanya kazi na kucheka na wenziwe, ila hayamwachi hata siku moja akapita njiani bila kuulizwa. Haya ya pili ndiyo yangu. Si homa, si kikohozi, wala si donda la kufunikwa kwa nguo. Ni kope. Pembezoni huwa nyekundu, hushika magamba madogo kama mba wa kichwani, huwasha, na kila alfajiri huamka zimefura kana kwamba nimekesha matangani. Yalinianza nikiwa na umri wa miaka 18, na sasa ninao 26.

Wahenga walisema macho hayana pazia, wakimaanisha kwamba jicho huona hata lile lisilotakiwa kuonwa. Lakini kwa hakika jicho lina pazia lake, nalo ni kope. Na pazia hilo likiharibika, walio nje ndio huanza kuchungulia ndani. Naandika leo kwa sababu nimetambua kwamba mzigo mkubwa wa maradhi haya si kuwashwa. Mzigo ni yale ambayo watu huyasoma usoni pa mgonjwa. Na dawa yake, ijapokuwa ipo, ni ndogo na ya kila siku mno hata wengi huidharau.

"MBONA UMELIA?"

Mimi ni mkazi wa Likoni na kazi yangu ya ukarani iko Changamwe. Kila asubuhi huvuka kwa feri hadi kisiwani, kisha hupanda matatu ya kupita Makupa. Mwenye kuijua safari hiyo hana haja ya kuelezwa habari za upepo wa chumvi, moshi wa malori na vumbi la barabara ya kwenda bandarini. Mtu mwenye kope nzima hufikicha macho mara moja akasahau. Mimi hufika kazini kope zikinichoma kama zilizotiwa pilipili.

Isitoshe, mimi huvaa buibui na ninja. Watu hawaioni pua yangu wala mdomo wangu. Uso wangu mzima ni macho mawili. Mwanamke aliye wazi uso, kope zake zikifura, watu wanaweza kutazama tabasamu lake. Mimi, hawana pengine pa kutazama.

Basi nimeulizwa kila la kuulizwa. Ndani ya feri mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono akanipa pole ya msiba. Bawabu wa kazini aliuliza kama jana nilikuwa harusini. Jirani alimwuliza mamangu kwa siri kama nina mchumba anayenitesa. Hao wanaouliza si wabaya, kwa kuwa mtu akiuliza humjibu. Taabu ni wale wasiouliza, wakajijibu wenyewe. Mwaka mmoja, mkataba wangu ulipokaribia kwisha, nilisikia kwa mwenzangu kwamba wakubwa wanasema, "Yule msichana ana matatizo ya nyumbani, kila siku huja amelia." Hawakuwa na kosa lolote la kazi la kunishika nalo. Walikuwa na kope zangu tu.

Na lipo la posa. Nilipokuwa na miaka 21 walikuja nyumbani wanawake wawili wa upande wa mume, kama ilivyo ada, kutazama na kutazamwa. Nikawaletea kahawa na mahamri. Mmoja akanikazia macho, kisha nikamsikia akimwambia mwenziwe, "Huyu ana maradhi ya mato, na watoto watayarithi." Posa ile haikurudi. Usiku huo aliyelia nyumbani kwetu ni mamangu. Na kulipokucha, kope zake yeye aliyelia zilikuwa nzuri kuliko zangu mimi niliyelala.

VIJANA NA MUGOKA

Nilidhani aibu hii ni ya wanawake peke yao, hadi nilipokaa kwenye benchi la kliniki ya macho ubavuni mwa kijana mmoja dereva wa tuktuk kutoka Kisauni. Naye kope zake zilikuwa nyekundu, zimejaa matongo makavu kwenye mizizi ya nywele. Aliniambia kwamba hajawahi kutafuna mugoka wala kuvuta bangi, lakini askari wakimsimamisha usiku huanza kumulika macho, na wakishayamulika hawana haja ya leseni. Mwezi wa Mei 2024, serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipotangaza marufuku ya mugoka, kabla mahakama haijasimamisha marufuku hiyo, kijana huyo alijikuta kila pahali akitolewa mfano. Mwenye tuktuk alimnyang'anya chombo kwa juma zima.

Benchi hilo lilikuwa shule kwangu. Palikuwa na mchomeleaji wa vyuma wa Changamwe aliyeambiwa na jamaa zake kwamba ni moto wa kazi yake tu, na mwanafunzi wa Mtongwe aliyetaniwa shuleni kwamba ameota kijipu cha jicho kwa kuchungulia watu wakioga. Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuhukumiwa na mtaa kabla ya kupimwa na daktari. Wanawake tuliambiwa tumelia, wanaume wakaambiwa wamelewa.

DAWA ZA NYUMBANI

Nyanya yangu alikuwa wa kwanza kuniuguza. "Mwanangu, mato yamekufura," alikuwa akisema kila asubuhi, nami nikijua kwamba siku hiyo italetwa dawa mpya. Yalikuja maji ya waridi. Ikaja asali. Akaja jirani mwenye kunyonyesha, tayari kunidondoshea maziwa yake. Ikasemwa ni husda, kwa kuwa nilikuwa nimefanya vizuri katika mtihani wa kidato cha nne, nikaandikiwa kombe nikalinywa. Simcheki nyanya, wala sitaki msomaji amcheke. Kila alichokileta alikileta kwa mapenzi, na yale ya dua yalinituliza moyo. Lakini vitu vya kutiwa ndani ya jicho ni habari nyingine. Asali ya dukani na maziwa ya binadamu havikusafishwa kwa ajili ya jicho, na vijidudu huweza kuingia navyo.

Wanja nao una kisa chake. Sisi watu wa pwani tumelelewa nao. Mtoto hajafikisha arubaini amekwisha kupakwa. Na ni kitu cha kale chenye heshima, kwani hata tabibu wa macho katika lugha ya Kiarabu huitwa kahhal, jina lililotokana na kuhl, yaani wanja. Kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, tabibu Ali ibn Isa wa Baghdad aliandika kitabu kikubwa cha maradhi ya macho, Tadhkirat al-Kahhalin, na ndani yake akayatengea maradhi ya kope mahali pake. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba kope ni jambo dogo lililozuliwa na wazungu. Ila wanja mwingi wa zamani husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Aidha wanja wa aina yoyote, ukipakwa ndani ya ukingo wa kope, huziba vile vitundu ambavyo nitavieleza punde hivi. Nimeuweka kando, na harusini hupaka hina mikononi, basi.

Dawa iliyonitia hofu baadaye haikutoka kwa nyanya. Ilitoka kwenye duka moja la dawa, niliponunuziwa na shangazi kichupa cha matone bila karatasi ya daktari. Siku 3 tu, kope zikawa nyeupe, nyumba nzima ikafurahi. Kichupa kilipokwisha, uvimbe ukarudi kwa ghadhabu. Kikanunuliwa kingine, na kingine. Ni daktari aliyenieleza kwamba matone yale yalikuwa na steroidi. Dawa hiyo ina kazi yake, na madaktari huitumia kwa kipimo na kwa muda. Lakini mtu akijitilia miezi na miezi bila kuangaliwa, huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho hadi mshipa wa kuona ukafa, na huweza kuleta mtoto wa jicho kwa kijana. Alinipima presha ya macho siku hiyo hiyo. Alhamdulillahi, ilikuwa sawa.

MAFUTA YA NAZI WAKATI WA KUSI

Sasa niyaeleze maradhi yenyewe, kama nilivyoelezwa. Jina lake la kitabibu ni blefaritisi, maana yake uvimbe wa kope. Kwenye ukingo wa kila kope, nyuma ya mizizi ya nywele, zimepangwa tezi ndogo ndogo za mafuta. Kope ya juu huwa nazo baina ya 25 na 40, na ya chini baina ya 20 na 30. Huitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyeandika habari zake mwaka 1666. Kazi yake ni kutoa mafuta mepesi yanayotandaa juu ya machozi kila tunapopepesa, ili machozi yasikauke upesi.

Daktari alinikalisha mbele ya darubini yake, akabonyeza ukingo wa kope ya chini kwa kijiti cha pamba. Kwa mtu mzima, alisema, hutoka mafuta laini kama ya kupikia. Kwangu yalitoka mazito, meupe, kama dawa ya meno. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nyumbani mna mafuta ya nazi?"

Nikamwambia tunayo.

"Mwezi wa Julai, kusi likivuma, alfajiri huwaje?"

Huganda, nikamjibu. Kila mtu wa pwani anajua hivyo. Mafuta ya nazi yanayomiminika kama maji wakati wa kaskazi, asubuhi ya kusi hukutwa yameganda chupani, na mama huiweka chupa katika maji ya moto au juani mpaka yayeyuke.

"Basi kope zako ziko Julai mwaka mzima," akasema daktari.

Maneno hayo yalinifungua akili kuliko vitabu. Mafuta yakiganda ndani ya tezi, kitundu huziba. Kikiziba, vijidudu ambavyo kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila ya madhara hustawi, na ukingo wa kope hukasirika na kufura. Wakati mwingine tezi moja hujaa ikawa kijipu, nacho ndicho tukiitacho chokea. Machozi nayo, kwa kukosa mafuta juu yake, hukauka haraka, jicho likawa kavu na lenye mchanga. Na hapo jicho hujaribu kujiokoa kwa kumwaga machozi mengi mepesi. Ndiyo sababu sisi wenye macho makavu huonekana tunalia. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa ripoti kubwa juu ya kuziba kwa tezi hizo, wakalitaja kuwa huenda ndilo chanzo kikuu cha macho kukauka duniani.

Kazi za siku hizi nazo zimeongeza. Mtu akitazama kompyuta au simu hupepesa mara chache kuliko kawaida, na kila asipopepesa, tezi hazikamuliwi. Karani ashindaye mbele ya kioo cha kompyuta chini ya kipozahewa ana sababu ya kutosha.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Yuko na mgeni mwingine. Kwenye mizizi ya nywele za kope za watu wengi huishi utitiri mdogo usioonekana kwa macho, urefu wake baina ya sehemu 2 na 4 za kumi za milimita moja. Huitwa Demodeksi, na Mjerumani Gustav Simon alieleza habari zake mwaka 1842. Hujificha mchana na kutembea usiku. Kuwa nao si uchafu wala si aibu, maana kadiri mtu anavyokuwa mkubwa ndivyo uwezekano wa kuwa nao unavyozidi, na wengi huwa nao wasidhurike. Lakini wakizidi, huacha magamba yanayozunguka mizizi ya nywele kama kola ya kanzu, na kope huwasha hasa asubuhi. Mwezi wa Julai 2023, Marekani iliidhinisha matone ya lotilaner, ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya utitiri huo. Dawa hiyo ni ya gharama kubwa, na si ya lazima kwa kila mtu. Usafi wa kope wa kila siku hupunguza mengi.

MAJI YA MOTO HAYACHOMI NYUMBA

Daktari hakunificha. Aliniambia kwamba maradhi haya aghalabu hayaponi yakaisha, bali hutunzwa yakatulia, kama mtu anavyotunza meno. Nilivunjika moyo kidogo, kwa kuwa kijana hutaka dawa ya kumeza wiki moja. Kisha akanifundisha kazi yenyewe, nami nawapa wasomaji kama nilivyopewa.

Kwanza ni kukanda. Chukua kitambaa safi, kichovye katika maji ya moto ambayo mkono unayastahimili bila shida, ukamue, ukiweke juu ya kope ulizozifumba. Jaribu kwanza nyuma ya kiganja, maana ngozi ya kope ni nyembamba na huungua upesi. Kitambaa hupoa baada ya dakika moja au mbili, basi kichovye tena. Endelea dakika 5 hadi 10. Hapo mafuta yaliyoganda huyeyuka.

Pili ni kuchua. Kwa ncha ya kidole kisafi, kope ya juu ichue kwa kuteremsha kuelekea nywele, na ya chini kwa kupandisha kuelekea nywele. Chua polepole, bila kuligandamiza jicho.

Tatu ni kusafisha. Tia matone machache ya shampuu ya watoto katika maji yaliyochemshwa yakapoa kiasi, uchovye pamba au kitambaa, upanguse mizizi ya nywele hadi magamba yatoke. Kila jicho na kitambaa chake. Kisha suuza. Hufanywa mara 2 kwa siku majuma ya mwanzo, na baadaye mara 1 kila siku, hata kope zikiwa nzuri.

Msomaji wa Likoni ataniuliza: maji gani? Ni swali la haki. Mtaani kwetu mfereji unaweza kukauka siku nyingi, tukanunua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na ya kisima yana chumvi. Mimi hutumia kikombe kimoja tu cha maji yaliyochemshwa, nikayaweka katika thamosi usiku pamoja na ya chai. Asubuhi nakanda, jioni nakanda. Kikombe kimoja hakimfilisi mtu.

Palipohitajika zaidi, daktari alinipa marhamu ya kuua vijidudu ya kupaka kwenye ukingo wa kope usiku kwa majuma kadhaa. Wapo wanaopewa vidonge vya jamii ya tetrasaiklini kwa muda mrefu zaidi, lakini hivyo havifai kwa mwanamke mjamzito wala kwa mtoto mdogo, na si vya kununua kwa kukisia. Mwenye mba kichwani autibu nao, kwa sababu mba wa kichwa na wa kope mara nyingi ni ndugu.

Kwa uvimbe wa asubuhi nilipata mafunzo mengine. Tukilala chali, maji ya mwilini hukusanyika kwenye ngozi nyembamba ya kope. Mto mmoja zaidi chini ya kichwa husaidia. Kupunguza chumvi usiku husaidia pia. Nami ni mtu wa kupenda ng'onda na achari, kwa hivyo sasa huvila mchana. Lakini la kufikicha ndilo gumu kuliko yote. Kufikicha huleta raha ya dakika moja na uvimbe wa siku nzima.

Sikupata nafuu kwa siku 3, kama ilivyokuwa kwa matone ya dukani. Ilichukua majuma 6. Hakuna asubuhi moja ambayo naweza kusema ndiyo niliyopona. Ila siku moja nilitambua kwamba nimevuka feri kwenda na kurudi, na hakuna aliyenipa pole.

SI KILA UVIMBE NI WA KOPE

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana mtu asije akakanda kope huku maradhi mengine yakimla ndani. Kope zikifura asubuhi, na miguu nayo imefura, na mkojo una povu, huenda figo ndizo zinazolia. Mtu huyo apimwe mkojo na presha ya damu upesi. Tezi ya shingoni ikiharibika nayo huweza kuvimbisha kope. Wenye mzio hufura na kuwashwa sana, na hao maji baridi huwafaa kuliko ya moto. Wako pia vijana wachache mno ambao kope zao hufura ghafla, zikanywea, zikafura tena, hadi ngozi ikalegea kama karatasi; Ernst Fuchs wa Vienna aliyapa maradhi hayo jina lake mwaka 1896. Na ikiwa kope imefura upande mmoja kwa maumivu makali na homa, au jicho halioni vizuri, au halivumilii mwanga, usingoje kesho.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, maradhi ya macho mekundu yalipoenea Mombasa, nilirudi tena kwenye hukumu. Hayo ni ya virusi, huambukiza kwa mikono na taulo, na watu walikuwa na haki ya kujihadhari. Yana historia pia: mwaka 1969 yalizuka Ghana, mwaka ule ule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na wenyeji wakayaita Apollo. Lakini kope zangu haziambukizi mtu. Ndani ya feri watu walinipisha kama niliyebeba moto. Siku hizo nilijifunza kusema kabla sijaulizwa: "Hizi ni kope za zamani, si yale ya sasa." Wengi wakacheka, wakasogea karibu. Mmoja akaniuliza, "Dada, hata mwanangu anazo hizo. Huzifanyaje?"

Kazini nilifanya vivyo hivyo. Nilikwenda kwa mkubwa wangu na karatasi ya daktari, nikamweleza kwa maneno matatu kwamba sikulia, silewi, na siambukizi. Alitahayari kuliko mimi. Mkataba wangu uliendelea, na meza yangu ikaondolewa chini ya kipozahewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee. Haya yetu hayaui, lakini kuyaficha kunaua mengine: kazi, posa, heshima ya kijana mbele ya askari. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani ina idara ya macho. Kisiwani iko pia Lighthouse, na ng'ambo ya kusini kiko kituo cha macho cha Kwale. Maofisa wa kliniki waliosomea macho wanaweza kutazama kope na kusema ni nini. Nendeni mkaangaliwe, kisha mrudi nyumbani mkachemshe maji.

Na wewe ambaye kope zako ni nzima, ukikutana na kijana aliyefura macho, awe binti wa Likoni, dereva wa Kisauni au mchomeleaji wa Changamwe, mpe salamu kwanza. Akitaka kukueleza, atakueleza. Na kama ni mwanao, usimpeleke dukani kununua kichupa. Mtilie maji ya moto kikombe kimoja, na kesho umtilie tena.